Kabla ya Joto la Tatu

Isongole, Rungwe
2 Aprili 2023

Mkamwana wangu Verediana,

Nakusalimu kutoka kwenye ukungu wetu. Mvua haijapumzika tangu Jumatano na viazi vya bondeni vimeanza kuoza. Mama mkwe wako Tumpe ni mzima isipokuwa goti. Damari, mke wa kaka yake Anania, amejifungua mtoto wa kiume mwenye sauti kama tarumbeta.

Usishangae kupata barua wakati kila mtu ana simu. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni wala hawazungumzi. Vijana wameacha, mimi sijaacha. Simu ina sauti ndani yake, karatasi haina. Kwa hiyo nitakuandikia, nawe utanijibu, na Abrahamu atabeba, maana lori lake la viazi linapita njia panda ya kwenu.

Sasa jambo lenyewe. Yule nguruwe jike aliyekuletea Abrahamu ndiye nguruwe wa nyumba. Kila mke anayeingia kwenye ukoo wangu nampa mtamba mmoja. Akimlea mpaka akazaa salama, ananirudishia mtoto mmoja wa kike wa uzao huo, na tangu siku hiyo hakuna anayemwita mgeni. Tumpe alimfanyia hivyo baba yangu. Damari alinifanyia mimi.

Amezaliwa tarehe 10 Januari. Sikiliza vizuri, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapoharibu. Akifika miezi mitano au sita ataingia joto la kwanza. Utamwona amevimba nyuma, amekuwa mwekundu, anakataa pumba na kupiga kelele. Utadhani yuko tayari. Hayuko tayari, ni mtoto tu. Liache lipite. Baada ya siku ishirini na moja litarudi, nalo liache. Joto la tatu, kama amefikisha miezi minane na kilo zaidi ya mia, ukimkandamiza mgongoni akasimama tuli, hapo mpeleke kwa dume. Akipandishwa mapema atazaa wachache, maziwa yatakuwa haba, na mwili wake utadumaa hapo hapo.

Msalimie mwanangu Anania.

Ni mimi,
Isakwisa

* * *

Tosamaganga
30 Aprili 2023

Baba,

Kamwene! Hiyo ni salamu ya kwetu Uhehe, uizoee kidogo kidogo kama mimi ninavyoizoea ya kwenu. Mpe Mama pole ya goti, na Damari hongera nyingi.

Barua nimeisoma mara tatu, mara moja kwa sauti ili Anania asikie. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Baba huyo! Mimi nilikaa bweni miaka minne hakuniandikia hata mstari."

Nguruwe ni mzima na ni mtundu. Lile sikio lake jeusi la kushoto ndilo linalomtangulia kila mahali. Juzi alitoboa banda akaingia kwa jirani yangu Mama Eveline, naye akaja kwangu ameshika nusu ya kabichi mkononi, hata hodi hakupiga. Nimempa kabichi zangu mbili tukayamaliza. Anania ameweka sakafu mpya ya mabanzi, imara kweli, kabla ya kwenda Madibira kupakia mpunga.

Jambo moja nikuambie. Mwanao ana haraka. Anasema miezi minane ni mambo ya wazee, kwamba kuna mtu hapa kapandisha wa miezi mitano na wakazaliwa. Nimemwambia barua inasema minane, basi ni minane.

Mkamwana wako,
Verediana

* * *

Isongole
9 Julai 2023

Mkamwana wangu,

Salamu kwenu nyote. Huku baridi imeshika, asubuhi majani ya viazi yanakuwa meupe. Goti la Tumpe ni lile lile.

Abrahamu amepita kwenu mara nne tangu Aprili, mara zote anarudi mikono mitupu. Anasema hukuwapo, au ulikuwapo na hukuwa na karatasi. Duka la kwenu haliuzi madaftari?

Kesho mtamba anatimiza miezi sita. Lazima ameshaingia joto. Niandikie tarehe. Sitaki "mwanzoni mwa mwezi" wala "wiki ile ya msiba", nataka tarehe, nami nitaziweka kwenye kalenda ya kanisa hapa ukutani. Niambie pia chuchu zake ni ngapi na zimekaaje.

Simu ya Anania haipatikani. Yuko salama?

Isakwisa

* * *

Tosamaganga
6 Agosti 2023

Baba,

Shikamoo. Huku hatujambo.

Nguruwe aliingia joto la kwanza tarehe 3 Julai, la pili tarehe 14 Julai, la tatu tarehe 1 Agosti. Chuchu ni kumi na mbili, zimekaa vizuri. Miezi minane haijafika, kwa hiyo sijampeleka kwa dume. Nafuata ulivyosema.

Anania yuko Madibira. Mtandao wa kule ni mbovu. Je, amewapigia nyinyi?

Verediana

* * *

Isongole
20 Agosti 2023

Mkamwana wangu,

Salamu. Mtoto wa Damari ameota meno mawili, na Tumpe amekunywa dawa ya goti ya mtu mwingine akalala siku nzima. Tunamshukuru Mungu.

Nimeandika tarehe zako kwenye kalenda. Kisha nikakaa nikaziangalia mpaka chai ikapoa. Kutoka tarehe 3 hadi 14 ni siku kumi na moja. Kutoka 14 hadi 1 Agosti ni siku kumi na nane. Nimefuga nguruwe miaka thelathini na sita, Verediana, na joto linarudi siku ya ishirini na moja. Linaweza kuwahi siku moja au mbili, au likachelewa hivyo hivyo. Siku kumi na moja? Ama nguruwe anaumwa, ama humwangalii, ama umeandika tarehe kama mtu anayejaza fomu asiyoijua.

Sitaki kukudhania vibaya. Damari ndiye anadhania. Anasema labda mlimla wakati wa kipaimara. Nimemkemea, lakini sikumkemea sana.

Jambo la pili. Unaniuliza kama Anania amenipigia. Mke anamuuliza baba mkwe mume wake yuko wapi? Hilo nalo nimekaa nalo.

Chukua kamba, mzungushie nguruwe kifuani nyuma ya miguu ya mbele, ikate, nitumie hiyo kamba. Nitajua kilo zake mwenyewe. Na ujue kabisa: kama nguruwe wa nyumba amepotea mikononi mwako, nitaitisha kikao cha ukoo, na kikao kinaweza kuamua ng'ombe wetu wa mahari warudi Isongole nawe urudi kwa kaka zako.

Isakwisa

* * *

Tosamaganga
17 Septemba 2023

Baba,

Shikamoo. Natumaini meno ya mtoto yanaendelea.

Ijumaa alikuja mtu hapa, akajiita Sosthenes, mnunuzi wa nguruwe kutoka Mafinga. Mnunuzi gani anavaa suti? Mnunuzi gani hakuulizi bei? Aliomba choo, nikamwelekeza kushoto, akaenda kulia moja kwa moja mpaka bandani. Nilipomfuata alikuwa ameinama anachungulia sakafu, na kamba yenye mafundo inaning'inia mfukoni. Nikamuuliza, "Kaka, choo kimekuwa ndani ya banda?" Akasema, "Samahani mama, nimepotea." Hakuaga. Nilipomwambia amsalimie mzee wa Isongole aliyemtuma, alijikwaa.

Bila shaka ameshakwambia kuwa banda ni tupu. Ni tupu. Nguruwe nilimpeleka Ifunda kwa mtu mmoja anaitwa Peter, mwenye dume zuri. Alipandishwa tarehe 11 Septemba, akiwa na miezi minane na siku moja. Hesabu mwenyewe, unajua kuhesabu: miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Atazaa tarehe 3 Januari, nawe utapata mtoto wako wa kike akishaachishwa kunyonya.

Hadi hapo naomba uniache, na wapelelezi wako wapumzike.

Verediana

* * *

Isongole
22 Oktoba 2023

Verediana,

Leo sina habari za goti wala za meno.

Barua yako ilipofika nilimtuma tena Sosthenes, safari hii Ifunda. Alizunguka mpaka suti ikawa nyekundu kwa vumbi. Hakuna Peter mwenye dume. Nikasema nisubiri.

Sasa Alhamisi Abrahamu alipata pancha Nyololo. Wakati wanabadilisha tairi akaingia kula kwa mama ntilie. Nyuma ya kibanda akaona nguruwe mwenye sikio jeusi la kushoto, amelala ubavu, amekonda, na watoto watatu wanagombania chuchu. Watoto wa siku mbili, kitovu kikiwa bado kibichi.

Nimechukua kalenda nikarudi nyuma. Siku mia moja na kumi na nne kutoka 17 Oktoba zinafika 25 Juni. Juni 25! Alikuwa na miezi mitano na nusu. Na wewe mwezi Agosti ukaniandikia majoto matatu ya nguruwe mwenye mimba. Nguruwe mwenye mimba haingii joto, Verediana. Hata mtoto wa Damari analijua hilo.

Kwa hiyo hukuwa naye. Ulimuuza Nyololo bado mtoto, ukanidanganya tangu siku hiyo. Nilimuuliza Abrahamu banda ni la nani, akaangalia chini, akasema alikuwa na haraka. Umemwambia nini Abrahamu hata asinitazame? Kikao kitakaa tarehe 12 Novemba. Jibu kabla.

Isakwisa

* * *

Tosamaganga
29 Oktoba 2023

Baba,

Sikumuuza na sikumla.

Abrahamu sijamwambia kitu. Anaangalia chini kwa sababu ana aibu, na aibu hiyo si ya kwangu. Nenda Nyololo mwenyewe, usimtume mtu mwenye suti. Uliza mwenye banda ni nani. Mimi jina lake sitaliandika.

Verediana

* * *

Njia panda, kwenye lori
5 Novemba 2023

Verediana,

Barua hii anakuletea Abrahamu pamoja na nguruwe na watoto wake wawili. Mimi niko hapa njia panda, naandikia juu ya gunia la viazi. Siwezi kuingia kwako, unajua kwa nini, ingawa leo sababu hiyo yenyewe naiona ndogo.

Nilifika Nyololo asubuhi. Mama ntilie anaitwa Happy, alinisalimu kwa adabu, akanipa kiti. Nikasema natafuta mwenye nguruwe. Akaita, "Baba Nguruwe, una mgeni!" Akatoka mwanangu Anania na ndoo ya mabaki ya ugali.

Yeye ndiye alianza.

"Baba, aliingia joto. Nikaona kungoja ni kupoteza muda."

"Joto la ngapi?"

"La kwanza."

"Madibira ulikwenda?"

"Sikwenda, baba."

"Na mkeo?"

Akaweka ndoo chini. Happy akamtazama. "Mke gani?" Naye hakuwa anajua. Yule mama alizima jiko lake mbele ya wateja, akaingia ndani akafunga mlango.

Nguruwe alizaa saba. Wanne walizaliwa wamekufa, watatu wakapona, mmoja akafa juzi kwa kukosa maziwa. Hawa wawili waliobaki ni madume. Mama yao nyonga zimetokeza, anatembea kama mzee. Nilimpandisha kwenye lori kwa mikono yangu na nililia, nakwambia ukweli, Abrahamu ni shahidi.

Nimekusema vibaya mbele ya Tumpe na mbele ya Damari. Nimekutumia mpelelezi. Lakini nieleze jambo moja. Kwa nini hukuniambia? Tangu Juni umekuwa ukimfunika mtu huyu kwa tarehe za uongo, ukaacha nikuite mwizi. Kwa nini?

Abrahamu atangoja jibu.

Isakwisa

* * *

Nyuma ya karatasi hiyo hiyo

Baba,

Nguruwe nimempokea. Mama Eveline anamchemshia uji wa mahindi, yule wa kabichi.

Unauliza kwa nini. Anania aliondoka Jumapili tarehe 18 Juni. Alisema nguruwe anakaribia joto, anampeleka kwa dume Mafinga. Nikasema bado, barua inasema minane. Akaniambia nimekuwa mkamwana wa baba yake kuliko mke wake. Akamfunga kamba akaenda naye. Nilidhani atarudi baada ya siku tatu. Halafu nikadhani atarudi kabla ya miezi minane, na mambo yatakuwa sawa bila mtu kujua. Mtu mmoja wa Nyololo akanipigia Julai akaniambia anamwona wapi. Nikaendelea kukuandikia majoto.

Uliposema kikao na ng'ombe, nikaogopa zaidi. Kaka zangu walishakula wale ng'ombe. Ningerudi kwao kama nani?

Lakini iko sababu nyingine, nami nitaiandika kwa kuwa siwezi kukwambia usoni. Barua zako ninazo zote, nimezipanga. Umeniuliza kilo za nguruwe, kifua chake, chuchu zake, sehemu zake za nyuma. Umeniuliza mwanao yuko salama. Tafuta mahali hata pamoja ulipouliza Verediana hajambo. Mwezi Agosti niliugua homa ya mapafu, nikalazwa siku nne. Ile barua ya kamba ililetwa pale, nikaisomea kitandani nikiwa siwezi kupumua vizuri. Nikasema, huyu baba nikimwambia nimeachwa, atauliza nguruwe ameachwa na nani.

Ungeuliza mara moja tu, ningesema yote.

Sina mtoto wa kike wa kukurudishia, hawa ni madume. Kikao chako kiamue kinavyotaka. Nimechoka kuogopa.

Verediana

* * *

Isongole
13 Novemba 2023

Mwanangu Verediana,

Barua yako niliisoma kwenye lori, nikairudia Mafinga, nikairudia Makambako.

Kikao kilikaa jana. Nilieleza kila kitu, na jina la mwanangu nililitaja. Damari akauliza, kwa kuwa Damari lazima aulize, mtoto wa kike wa nguruwe yuko wapi. Nikasema hayupo, na hatadaiwa, kwa kuwa nguruwe alitolewa nyumbani kwako na mtu wa damu yangu. Ndugu yangu mmoja akataka kusema habari za desturi. Hapo Tumpe akasimama, na goti lake lile, akanielekea mimi mbele ya watu wote. Akasema, "Isakwisa, nguruwe unamngojea joto la tatu. Anania ulimwoza mara tu ulipoona ndevu." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ni kweli. Nilitaka atulie, nikadhani mke atamtuliza. Nikamtwika mtoto wa watu kazi yangu.

Imeamuliwa hivi. Ng'ombe hawarudi. Wewe ni wa nyumba hii, na atakayekuita mgeni atanijibu mimi. Anania hatakanyaga mlango wako mpaka wewe mwenyewe useme aje, na usiposema, hakuna atakayekulaumu. Nguruwe ni wako na watoto wake. Fanya naye unavyoona, sitauliza.

Tumpe anataka kuja kukaa nawe mpaka Krismasi. Ukikubali, Abrahamu atamleta Jumamosi.

Barua zangu nilizoandika sina nakala zake, lakini sihitaji kuzitafuta. Najua hapana mahali nilipouliza. Nimefuga miaka thelathini na sita, nimejifunza kuangalia mnyama nikajua anaumwa kabla hajalala chini, na mtu wa nyumbani kwangu amelala kitandani anakosa pumzi mimi namwagiza kamba. Naona aibu, Verediana. Nisamehe.

Sasa nauliza, na unijibu hili tu. Kifua kimepona kabisa, au bado kinabana asubuhi? Unakula vizuri? Na zile siku nne ulizolazwa, nani alikuletea uji? Nataka nimwandikie nimshukuru. Na kama hakuna aliyekuja, niandikie hivyo hivyo, kwamba hakuna aliyekuja.

Baba yako,
Isakwisa